Nilimjibia Baba kwa Daktari

Mwenzenu nimekosa, na aliyelipia kosa langu ni baba yangu mzazi. Nimechoka kulibeba peke yangu. Hapa Kongowe ya Kibaha wateja wangu wa vitenge wananiona nacheka, wananiita mama mchangamfu. Laiti wangejua!

Baba ni mtu wa Kisarawe. Ndiye aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti wa kijijini kwetu tangu mimi msichana. Mwaka jana akaanza kuhema. Akipanda kile kilima cha kwenda kuswali anasimama kila mara, anajishika ubavu wa kulia. Nikamchukua, nikamleta kwangu.

Wakati huohuo binti yangu alikuwa amechumbiwa. Mama wa kijana, mwanamke mmoja wa kule Soga, aliposikia babu wa mchumba anaumwa akaja na gari la mumewe atupeleke hospitali. Kwetu ndivyo tulivyo, mkishaanza ukwe, mgonjwa wao ni wako. Na kwa kujali kwake akaingia nasi hadi chumba cha daktari. Ningemwambiaje abaki nje?

Picha ya kifua ilionyesha maji yamejaa pembeni ya pafu. Daktari, kijana mpole, akamwamkia baba shikamoo, akamwambia, "Mzee, haya maji siyo ugonjwa wenyewe, ni dalili. Yanaweza kuletwa na moyo, figo, ini, kifua kikuu, hata saratani. Lazima tujue yametoka wapi." Kisha akauliza, "Nyumbani kuna mtu aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu?"

Baba akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Hapana, daktari! Ukoo wetu hauna mambo hayo."

Uongo mtupu! Mdogo wangu wa kiume alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu amalize dozi, na muda wote alilala chumba kimoja na baba. Nilijua vizuri. Lakini yule mama wa kijana, mkwe wangu mtarajiwa, kakaa pale, mkoba mapajani, anasikiliza. Nikaona posa inavunjika hivihivi. Baba alinitazama, halafu akainamisha kichwa. Asingeweza kuniumbua mbele ya wakwe.

Ningeishia hapo basi. Wapi! Nikaropoka kwamba baba ana presha ya siku nyingi, miguu inavimba, ni moyo huo. Daktari akasema maji ya moyo mara nyingi hujaa pande zote mbili, na haya yako upande mmoja, ndiyo maana anataka kuyavuta kidogo kwa sindano yapimwe maabara. Sindano ya mgongoni? Weee! Mtaani kwetu kila mtu atakuambia mgonjwa akishatolewa maji, hamalizi wiki, anakufa. Nikagoma kabisa.

Yule daktari akanisihi, nikakaza. Mwisho akaandika vidonge vya kukojoza. "Wiki ijayo mrudishe," akasema, "hata akijisikia nafuu."

Nafuu ikaja. Miguu ikanywea, na mimi nikatamba kwa ndugu, "Si niliwaambia ni moyo?" Sikumrudisha. Vidonge vilipoisha nikanunua vingine duka la dawa. Baba akawa anakonda, jioni homa, asubuhi shuka limelowa jasho. Nikasema ni uzee. Jamani, ujinga gani ule!

Siku ya kupokea mahari, baba akaombwa aombe dua. Hakuimaliza. Aliikatia katikati, akashika ukuta, midomo imebadilika rangi. Gari lilelile la wakwe likatukimbiza hospitali.

Safari hii daktari alikuwa mama mtu mzima. Akauliza swali lilelile. Nikavuta pumzi nijibu, baba akanishika mkono.

"Mwanangu, leo niache niseme mwenyewe."

Akasema yote, kwa vipandevipande, akihema. Mkwe alikuwa mlangoni, akasikia. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Maji yakatolewa, ya njano, yakapelekwa maabara pamoja na kinyama kidogo cha utando wa pafu. Hakufa kwa sindano. Alilala usingizi wa mtoto. Majibu yakaja: kifua kikuu, kimekaa kwenye utando wa pafu. Daktari akasema dawa zitamponyesha, ila tumechelewa, utando umekuwa mgumu na umelibana pafu.

Nikamfuata mkwe kumwomba radhi, nikijua uchumba umeisha. Akasema, "Dada yangu, mimi mwenyewe niliwahi kuimeza dozi ile. Siku ile ya kwanza nilitaka kukuambia, sema tu, hakuna aibu hapa. Uliposema ukoo wenu hauna mambo hayo, nikaogopa mtatukataa sisi."

Nikakaa chini sakafuni. Kumbe nilimnyamazisha baba kwa ajili ya mtu ambaye angenielewa kuliko wote!

Watoto walioana. Baba amemaliza dozi, yuko Kisarawe, amepona. Ila pumzi haikurudi yote. Adhana anatoa mtu mwingine siku hizi. Nikiwa kule, ikilia, namwona baba barazani anaisema kwa midomo tu, haitoki sauti. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Afadhali angenitukana!

Wewe unayesoma, ukimpeleka mzazi wako hospitali, watoe nje mkwe, jirani na shemeji. Usimfiche daktari kitu, na akitaka kuyapima maji, mwache ayapime. Aibu haijawahi kumtibu mtu.

Mimi siku hizi nikimpeleka baba kliniki kuangaliwa pafu lile nabaki kwenye benchi nje. Namsikia daktari akiuliza, kisha kimya, baba anatafuta pumzi ya kujibu. Anachukua muda mrefu. Nauma ulimi, nangoja.