Jina Langu kwenye Dashibodi

Juzi, hapa mtaani kwetu Shanwe, nilimwona fundi akilainisha mikwaruzo ya dashibodi kwa hewa ya moto, na ile harufu ya plastiki ikanikumbusha baba. Alikuwa dereva wa bosi mmoja, nami, nikiwa mtoto, siku moja nilikuwa nimechora jina langu kwa msumari kwenye dashibodi ya gari. Baba aliweka kijiko kwenye makaa ya moto. Nilidhani atanichoma vidole, nikaanza kulia. Kumbe alikipitisha taratibu juu ya herufi, huku honi ya treni iliyomleta bosi ikilia stesheni. Alama chache ziligoma kufutika.

“Nani kakwaruza hapa?” bosi aliuliza.

“Ni mimi, mzee. Nilipakia mabati,” baba alijibu.

Nilipotaka kusema ukweli, baba alinibana mkono. Nilidhani ni hasira, ila vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.