Waya Uliokatikia Ndani

Wakati wa uasi nilikuwa fundi wa umeme wa magari pale Beni. Mchuuzi mmoja Mwislamu, mtu wa kuongea taratibu, aliniletea kamioneti yake ya kubebea bidhaa, inayotumia esansi, yaani petroli. Ilikuwa inazima njiani ghafla, kisha inawaka tena kama haijatenda kosa.

Siku tatu nilitafuta. Nilishika taa yangu ya kujaribia, nikafuata umeme kutoka kwenye betri hadi kontakti, pale pa ufunguo, kutoka kontakti hadi bobini inayotoa moto wa plagi. Kila mahali taa iliwaka. Nilitikisa waya mmoja mmoja, nikarudia. Injini ikaendelea kuunguruma.

Siku ya nne alikuja mbio. Mke wake alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amelala vibaya, na daktari wa kupasua alikuwa amekimbia mapigano. Ilibaki hospitali ya Butembo.

"Fundi, gari itafika?"

"Papa, ugonjwa yake sijaiona. Hapana weza kukuapia."

"Donc, basi, utaenda na sisi."

Nilikwenda. Kwenye kizuizi askari alimwona yule mama mwenye uchungu, akateremsha kamba. Kwenye mpando wa Kabasha, barabara ikipanda mlima, injini ikazima.

Nilifungua boneti. Nilipogusa tu, ikawaka. Tukapanda kidogo, ikazima. Nikagusa, ikawaka, ikazima tena. Mama alikuwa ameuma kitenge chake asipige kelele. Jua lilikuwa limeshahama nilipoacha kubahatisha, nikaupapasa waya wa bobini kidole kwa kidole. Karibu na bati linalotenga injini na viti ukalegea mkononi: ganda zima, shaba ndani imekatika. Kwenye tambarare ncha ziligusana. Injini ikivuta mlimani ziliachana. Waya huohuo nilikuwa nimeutikisa mara mbili garaji.

Nilikata, nikachuna, nikasokota. Dakika chache tu.

Tulipoingia Kimemi, ndani ya Butembo, mama alikuwa kimya. Mume wake alikuwa amempakata kichwa, anasoma dua polepole. Hospitalini muuguzi alimgusa shingo, kisha tumbo, akatutazama sisi wawili bila kujua amwambie nani kuwa mama na mtoto wamekwenda.

Jioni ile nilisema, "Papa, unisamehe."

"Ni Mungu, fundi. Hapana wewe."

Afadhali angenipiga. Miaka iliyofuata aliendelea kuniletea ile kamioneti, leo taa, kesho honi, na kila mara aliniuliza habari za mke wangu. Kuzima haikuzima tena. Habari ya waya kupita mkononi mwangu mara mbili sikumwambia kamwe.