Kuku Chini ya Mtandio wa Hooyo

Hooyo, mama yangu mzazi, alikuja kukaa nami Galbet, mjini Garissa, baada ya ukame kuwamaliza mbuzi wake wote huko Kotile. Alikuja na begi moja, mkeka wa kuswalia na fimbo ya kuchungia. Fimbo aliisimamisha pembeni mwa mlango, naye akaketi karibu nayo. Mimi nashona nguo kibarazani, kwa hivyo nilimwona akiketi hapo kutwa nzima, na roho iliniuma.

Kilichonishinda kabisa ni simu. Kila Ijumaa dada yake alipiga kutoka Kotile. Salamu zetu zina mpangilio wake: waulizwa watu, yaulizwa mvua, kisha mifugo. Watu, alhamdulillahi. Mvua, alhamdulillahi. Likifika swali la mifugo, Hooyo alininyooshea simu haraka, akatazama pembeni, nami nikabaki kubabaika kuhusu bei ya vitambaa.

Nilikuwa na kuku sita na jogoo mmoja. Hooyo hakutaka hata kuwaona.

"Ndege si mifugo," alisema. "Humkami, humpeleki malishoni, kazi yake ni kelele tu."

Mimi mdomo ninao, waulize majirani, lakini kwa Hooyo nilirudi tu kwenye cherehani yangu.

Basi kuku mmoja mwekundu akaanza kuatamia. Mayai yake yalikuwa mabovu, lakini ukimkaribia anafura na kukudonoa. Nikaona niitumie hasira yake hiyo: nikaagiza vifaranga kumi na wawili wa siku moja, wakaja kwa basi ndani ya boksi lenye matundu. Walipofika ndipo nilipoingiwa na hofu. Taa ya kuwapasha joto sina, stima yetu inakuja na kwenda inavyopenda, na hata Garissa hii yenye joto lake, kifaranga mchanga hawezi kulala bila mama. Kuku akiwakataa, wamekwisha.

Nikamwekea mmoja mbele yake mchana kweupe. Akamdonoa kichwani mpaka kifaranga akapinduka. Nikamtukana yule kuku, Mungu anisamehe.

Hooyo akainuka pale mlangoni. "Mwanangu, hivyo ndivyo unavyompa mama mtoto asiye wake?"

Akaagiza chumvi. Mbuzi akimkataa mtoto, alinieleza, unampaka mtoto chumvi, mama anamlamba, na akishamlamba ni wake. Kuku halambi, hilo nalijua, lakini nilileta chumvi. Kuku akaitazama ile chumvi mgongoni mwa kifaranga, akaidonoa, na kifaranga akapiga ukelele wa kutoa roho. Hooyo akamtazama kuku, akanitazama mimi, kisha akacheka. Tangu aje kwangu sikuwa nimekisikia kicheko hicho. Nilicheka naye mpaka nikakaa chini.

"Huyu ulimi wake hauna kazi," akasema, akijipangusa machozi. "Tumtie gizani. Hata mbuzi mkaidi tunamfungia na mtoto mahali padogo penye giza."

Baada ya swala ya Maghrib akavua mtandio wake mkubwa, akamfunika kuku pamoja na kiota chake. Alimpaka kila kifaranga vumbi la kiota ili wanuke nyumbani, kisha akapitisha mkono chini ya mtandio, akitoa yai bovu na kuingiza kifaranga, yai moja, kifaranga mmoja, huku akiimba polepole wimbo wa kuwabembeleza mbuzi wanaokataa watoto. Kuku alilalama kidogo, akatulia. Mimi nilishika tochi ya simu nimeiziba kwa kidole, nikimwomba Mungu, na yote hayo kwa sababu ya kuku.

Alfajiri, tulipomaliza kuswali, tukafunua. Kuku akainua mbawa, na vichwa vikachungulia kimoja kimoja, vyote kumi na viwili. Akaanza kuwaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nao wakamfuata. Hooyo alimshukuru Mungu mara nyingi, na mimi furaha ilinijaa mpaka chai ikaungua jikoni.

Kuku wengine ndio waliokuwa na roho mbaya. Jogoo ndiye kiongozi wao, hakutaka wageni kabisa. Hooyo hakuniuliza, akaenda kukata matawi ya miiba nyuma ya nyumba, akajenga zizi dogo katikati ya ua kama alivyokuwa akiwajengea wanambuzi. Mama na watoto wakae ndani, wale wakubwa wabaki nje, waonane bila kugusana. Wiki nzima aliketi pale na fimbo mkononi. Siku alipoondoa tawi la kwanza, jogoo alijisogeza kifua mbele, kuku mwekundu akamrukia, na bwana mkubwa akaja kujificha chini ya cherehani yangu. Wengine wakaendelea kuchakura mchanga, na vifaranga wakachakura katikati yao.

Ijumaa ikafika, simu ikalia. Nilikuwa nakata kitambaa, nikaweka mkasi chini nijitayarishe. Watu, alhamdulillahi. Mvua, alhamdulillahi. Nikanyoosha mkono kuipokea simu. Hooyo akaupiga kofi mkono wangu, akageuka kuutazama ua.

"Mifugo haijambo," akamwambia dada yake. "Mama amewakubali wote."