Lori la Bweyeye Kwanza

Nabintu hakumwamini Ghislain, na Mungu amsamehe, wala hakujilazimisha kumwamini. Wote wawili walitunza programu ya kupanga malori ya kahawa katika ofisi ndogo pale Kamembe. Wiki ile kahawa ya huko Gitambi ilichacha ndani ya magunia ikingoja lori, na wakulima wakabaki na hasara. Lori lilikuwa limeanzia Bweyeye, kama kila siku. Na Bweyeye ndiko kwa wakwe zake Ghislain.

Amri ya kuanzia Bweyeye ilijificha ndani ya kipande kimoja cha programu alichokiandika Ghislain: kirefu, chenye masharti ya "kama" ndani ya "kama" ndani ya "kama" nyingine, mpaka macho yanachoka. Chombo cha kupima ugumu wa kusoma kilikuwa kimekipaka rangi nyekundu zamani.

"Tukivunje, tukiandike upya," Nabintu alimwambia.

"Ile kitu inatembea muzuri, Maman Nabintu. Ukigusa, magari yote itapotea."

"Inatembea muzuri kwa nani?"

Ghislain alicheka, lakini akageuza uso. Nabintu akaliona hilo pia, akaliweka moyoni.

Mkuu wao, Maman Nyiramahoro, hakuridhika na rangi peke yake. Alikuwa na kipimo chake: mtu asome kwa sauti mbele ya wenzake, kama somo la Jumapili, aeleze kila sehemu inafanya nini. Anapokwama, hapo ndipo pa kukata.

"Soma, Papa Ghislain. Weye njo uliandika."

Mwanzoni alisoma bila shida. Alipofika penye Bweyeye akakwama. Akarudi juu, akashuka tena.

"Hapa... sijue tena niliandika hii juu ya sababu gani."

"Haujue, ao hautaki tujue?" Nabintu akamkatiza.

"Umuache asome," akasema mkuu.

Ghislain akasoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akajipiga paji la uso. Ilikuwa ile mvua kubwa! Barabara ya Bweyeye ilibomoka, lori likalazimika kutangulia huko asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaanza. Kwa haraka aliandika kwamba njia ni mbovu, basi. Hakuweka mahali pa kuuliza kama imetengenezwa.

Mvua ile Nabintu aliikumbuka. Kanisani waliwaombea madereva. Hata hivyo aliona maelezo yamekuja vizuri mno.

Wakakata kipande kile tu, wakakipa jina linalosomeka: "njia ya Bweyeye ni mbovu?" Dereva ndiye atajibu kila asubuhi. Wakakijaribu kwa safari za zamani. Malori mengine yalibaki kwenye ratiba zake. Sehemu nyingine, hata zenye nyekundu, wakaziacha kwa kuwa msomaji hakukwama. Gitambi ikapanda hadi juu ya orodha ya kesho.

"Sasa uite bakwe," Nabintu alisema. "Uwaambie gari itachelewa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, tukisikia."

Ghislain akapiga simu. "Papa, kesho gari haitaanza kwenu. Muchume kahawa nyuma ya saa sita, isichache." Mzee akafoka hadi chumba kizima kikasikia. Ghislain akainamisha kichwa. "Hapana, Papa. Gitambi kwanza."

Nabintu alingoja simu ikatwe, ndipo akawatumia madereva mpango mpya.