Mbili Mara Tatu

Josephine Mwaro alikuwa nesi msumbufu, na wasichana wa shule ile ya bweni karibu na Garsen hawakumficha hilo. Kichwa kikikuuma ukamwendea, hupewi dawa hivi hivi. Umekula nini? Umekunywa maji? Jana ulimeza nini, na nani alikupa? Ukimaliza kujibu, nusu ya maumivu yamekimbia yenyewe. Kisha unameza mbele yake, unafungua mdomo, unainua ulimi, naye anaandika daftarini.

Siku ya kufungua shule ndiyo iliyokuwa vita. Alipekua sanduku baada ya sanduku, akatoa kila kidonge ambacho mama alimtilia mwanawe, akakiandikia jina na kukifungia kabatini. Wazazi walinung'unika, yeye wala hakujali. Aliwahi kumuuguza mtoto aliyemeza dawa za majina matatu, kumbe zote ni kitu kimoja.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekosea, tena kosa la wazi kabisa. Ijumaa moja ya Ramadhani, Sumeya wa kidato cha pili, mtoto mwembamba wa Kipini, alimjia ameshika shavu. Jino. Saa hiyo akili ya Josephine ilikuwa kwao Hewani, mto unajaa na mahindi ya mamake bado yako shambani, na kesho asubuhi alitaka kwenda kuyavuna. Akatia vidonge sita vya parasetamoli kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu yake: kesho, mbili mara tatu. Akampa mkononi. Ndiyo, mkononi! Wala hakumuuliza kama amefunga. Josephine ni Mpokomo wa kanisani, na Ramadhani kwake ilikuwa ratiba ya jikoni tu.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa keshafika steji, mfuko begani, simu ikalia. Alikuwa Hope, kiranja wa bweni.

"Sista, rudi! Sumeya anatapika, hata kusimama hawezi."

Mahindi yakasahauliwa hapo hapo. Alirudi kwa bodaboda, akamkuta mtoto ameinamia ndoo.

"Umemeza ngapi?"

"Zote, sista. Sikuruka hata moja." Alisema kama mtoto anayengoja kusifiwa. "Mchana nimefunga, ningemeza saa ngapi? Nikazimaliza kwenye daku. Na zile za mafua alizonipa mama, nazo ni mbili mara tatu."

Hizo za mafua zilikuja zimeviringishwa ndani ya mtandio, na siku ya kupekua hazikuonekana. Josephine akaisoma pakiti. Parasetamoli, ile ile. Kumi na mbili kwa mpigo, Mungu wangu, kwa mtoto wa kilo thelathini na nane!

Hospitalini daktari aliuliza amezipata wapi. Josephine angeweza kusema zimeibwa kabatini, na nani angembishia? Neno lilimfika hadi mdomoni. Akalimeza.

"Za mafua ni za kwao. Sita nilimpa mimi, sikumsimamia. Amezimeza zote saa kumi alfajiri."

Daktari akamtundikia dripu ya kulinda ini. Damu ingepimwa tena kesho, akasema, na kabla ya hapo hana la kuahidi mtu. Josephine akakaa kwenye benchi la nje na kulia, nesi mzima, mbele za watu.

Adhuhuri mamake Sumeya akafika kutoka Kipini, mwanamke wa buibui aitwaye Mwanatumu. Josephine hakungoja kuulizwa.

"Mama Sumeya, kosa ni langu." Akamwonyesha ile bahasha, kisha pakiti ya mafua. "Dawa ni moja. Kazimeza pamoja."

Mwanatumu akaigeuza pakiti mkononi.

"Hii niliifunga mimi kwenye mtandio, usije ukaichukua," akasema. "Nilisema nesi huyu ana choyo cha dawa." Akakaa pale pale benchini. "Sita zako, sita zangu."

Magharibi ilipoingia alitoa tende kwenye mkoba, akampa Josephine kwanza, maana naye hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Wakala pamoja.

Majibu yalitoka Jumapili mchana: ini zima. Mwanatumu akapiga magoti pale pale sakafuni. Walipoingia wodini, Sumeya alikuwa ameketi, uso umesawijika. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona macho yao yamevimba.

"Sista, kwani nilikosea wapi?" akauliza. "Si nilifanya mlivyoniambia?"

Josephine akamtazama Mwanatumu. Mwanatumu akamshika mwanawe mkono.

"Hukukosea, mwanangu," Josephine akasema. "Ulitutii."