Kuku wa Diwani

Naandika polepole. Shule niliyosoma ni ya msingi tu, ya kambi ya wakimbizi Tanzania, na tulipofika Birmingham umri wa kuingia darasani na watoto ulikuwa umenipita. Nikianza sentensi, ugali unasongwa na kuiva kabla sijaweka nukta. Lakini habari ya kuku nataka kuiandika mwenyewe, kwa sababu nyumbani anayeisimulia ni mama, na mimi huwa nanyamaza.

Mdogo wangu wa kiume hasemi. Anasikia, anacheka, anajua sukari ilipofichwa, ila maneno hana, na penye kelele za watu wengi hujigonga kichwa ukutani. Shule yake iko Northfield, mbali na kwetu Lozells. Kila asubuhi basi dogo la halmashauri lilimfuata mlangoni. Ndani alikuwemo msindikizaji, mwanamke mnene mpole, aliyejua kumfunga mkanda bila kumgusa shingo. Mdogo wangu akimwona tu huinua mikono yote miwili juu, afungwe. Saa hiyo mama yuko Harborne, anasafisha wodi za hospitali. Mimi nilikuwa nimepata nafasi chuoni, Kiingereza na hesabu, asubuhi. Basi likiondoka naye, na mimi naondoka.

Msindikizaji ndiye aliyetuambia. Halmashauri ilikuwa inapanga kodi ya mwaka mpya, itapanda, na wanafunzi waliotimiza miaka kumi na sita huenda wakaondolewa basi. Mdogo wangu alikuwa ametimiza.

Mama hakuelewa. "Wanapandisha kodi halafu wanaondoa basi? Kodi si ndiyo shule?"

Kwetu Kongo mzazi hulipa ili mwalimu ale. Mtoto asiyelipiwa anafukuzwa, aliyelipiwa anakaa. Mama alikuwa hacheleweshi kodi ya halmashauri hata siku moja, akijua analipia kiti cha mwanawe.

Jirani yetu, bibi wa Kizanzibari tunayemwita Bi Mkubwa, akamwambia, "Si hivyo hapa, mwanangu. Nendeni kwa diwani. Jumamosi hukaa maktabani kusikiliza watu."

"Kwa shefu haiendwi mikono mitupu," mama akasema. Kwake kila mwenye neno kubwa ni shefu.

"Shefu gani! Nimemwona yule anakimbia na kamasi zake hapo mtaani."

"Ni Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Basi kuku nitanunua kwa mchinjaji wenu."

Bi Mkubwa akacheka mpaka akakohoa. "Nyie Wakongo mtamhonga mtu kwa kuku!"

"Si kuhonga, mama mukubwa. Ni heshima."

Mama alimpika kuku mzima, bila kumkata. Firigisi akaifunga peke yake katika karatasi ya foili, maana firigisi ni ya mkubwa, haichanganywi na nyama za watu wote. Nilibeba sufuria mpaka maktabani, mvuke ukinipanda usoni, na njia nzima niliomba tusikutane na mtu wa chuoni.

Diwani alikuwa kijana aliyechoka. Mama aliongea, mimi nikatafsiri. Yeye akaeleza, na niliposhindwa akarudia taratibu bila kukasirika. Alisema mishahara ya walimu haitoki kwenye kodi yetu, inatoka serikali ya London. Kodi yetu inalipia takataka, wazee wasiojiweza, na pia mabasi kama lile. Kila nyumba imepewa herufi kufuatana na bei iliyokuwa nayo zamani, mimi sijazaliwa. Kila mwaka halmashauri inahesabu inachohitaji, inatoa inachopata kwingine, na pengo linalobaki linagawiwa nyumba zote, herufi ya chini kidogo, ya juu zaidi. Lakini London imechora mstari ambao kodi isiupite. Halmashauri ikitaka kuuvuka, ni lazima ipewe ruhusa, au wakazi waulizwe kwa kura. Hata wakipandisha mpaka kwenye mstari, pengo haliishi, na yanayolipwa kwanza ni yale yanayolazimishwa na sheria. Basi la mtoto mdogo linalazimishwa. La aliyetimiza kumi na sita wanaweza kuliacha.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Kodi itapanda na basi linaweza kuondoka."

"Hayo niliyajua nyumbani. Mwambie habari ya mtoto."

Nilitaka kumwambia juu ya kichwa na ukuta, juu ya mkanda na shingo. Kiingereza nilichopata kilikuwa kifupi. Nilisema mdogo wangu hapendi mabasi ya watu wengi. Hapendi! Kama mtu asiyependa maharage. Diwani akaandika, akatikisa kichwa kwa huruma.

Ndipo mama akaweka sufuria mezani na kufunua. Harufu ikaenea mpaka kwenye vitabu vya watoto. Diwani akainua mikono. Alisema anashukuru sana, ila haruhusiwi kupokea kitu. Mama akafungua foili, akamsogezea firigisi.

"Basi hii tu, baba. Hii tu."

Diwani akarudisha kiti nyuma. Mzee aliyengoja zamu nyuma yetu akasema yeye hajakatazwa na mtu, na watu wakacheka. Mama hakucheka. Alifunga foili akiikunja vizuri, kona kwa kona.

Njiani akasema, "Amekataa firigisi. Mambo yamekwisha."

"Ni sheria yao, mama."

"Sheria ya kukataa chakula?"

Kuku aliliwa kwa Bi Mkubwa. "Chumvi imekolea," alisema akimung'unya mfupa. "Hasara yake."

Siku ya kupitisha kodi, mama aliomba ruhusa kazini, na Bi Mkubwa akabaki kumpokea mdogo wangu. Tulikaa juu katika ukumbi wa halmashauri, kwenye viti vya wananchi, mahali pasiporuhusiwa kupiga makofi wala kusema. Madiwani waliongea sana. Diwani wetu alisimama, na nilisikia akitaja watoto na mabasi, akisema inamuuma. Nikamshika mama mkono. Halafu majina yakasomwa moja moja, kila mmoja akajibu kama anakubali au anakataa. Lilipofika jina lake, alikubali. Kodi na basi vilikuwa katika kura moja, hakuna aliyeweza kuvitenganisha. Hilo nililielewa. Sikujua kulisema kwa lugha ya mama.

Nje, mama alisimama kwenye ngazi akafunga kitambaa chake upya.

"Angekula kuku wetu," akasema, "lile neno lingemkwama kooni."

Na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Basi lilikuja mpaka shule zilipofungwa kwa kiangazi. Zilipofunguliwa, mama alikwenda kazini kama kawaida. Mwalimu wa chuo nilikuwa nimemwambia naacha kwa muda, nitarudi, na hakuniuliza lini. Nilimvalisha mdogo wangu koti na kumfunga viatu. Alitoka vizuri mpaka getini, pale basi lilipokuwa likisimama, akagoma. Nikamwonyesha kituo cha mabasi ya watu wote, kule watu walikosongamana. Hakutazama. Aliinua mikono yote miwili juu, afungwe mkanda. Niliushusha mmoja taratibu, na nilipoushika wa pili, ule wa kwanza ulikuwa umeshapanda tena.