Kukunja Bati na Baba Mkwe

Miaka ile kila mwanaume wa Tarime mwenye mikono miwili aligundua kwamba Mungu amemwekea dhahabu yake mwenyewe chini ya ardhi, na kwamba inamsubiri yeye tu aje na sururu. Mume wangu naye aligundua. Aligundua siku ya Jumanne, katikati ya palizi, na Jumatano akaondoka kwenda machimboni Genkuru na blanketi, sururu ya kuazima na uso wa mtu aliyeitwa Ikulu. Jembe aliniachia mimi. Ni mtu mkarimu sana.

Na karakana akamwachia baba yake. Baba mkwe wangu alikuwa fundi bati pale Bomani, nyuma ya maduka, tangu kabla sijaolewa. Alitengeneza makarai, ndoo, koroboi, matranka ya wanafunzi wa bweni na mifereji ya kukinga maji ya mvua. Kazi hiyo inataka watu wawili, maana bati refu ukilishika peke yako linayumba na kukukata. Mume wangu ndiye alikuwa mshikaji wa upande wa pili. Alipoondoka, mzee alichukua vijana watatu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alishika bati wiki moja, akasikia kwamba huko mashimoni kuna mtu kapata, akatoweka hata mikono hajanawa. Nikabaki mimi.

Sasa, kwetu Wakurya baba mkwe na mkamwana hawashikani mikono. Hawakai karibu, hawatazamani machoni, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na mkamwana hawezi kuinama mbele ya mzee akampa mgongo. Sisi ni Wakristo, na Jumapili tunaimba mpaka paa la kanisa linatetemeka, lakini ukwe ni ukwe, na sijawahi kumsikia mchungaji akithubutu kuuhubiria. Watu wawili wa namna hiyo ndio waliowekwa kwenye kibanda cha hatua nne kwa tano, wakapewa bati moja walishike pamoja.

Kabla hatujaanza, alikuja mdogo wake mzee, baba mdogo wa mume wangu, kutoa hukumu. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukosa kikao chenye nyama.

"Afanye kazi, maana njaa haina mila," alisema. "Lakini siku mkono wa mkwe utakapogusa mkono wa mkamwana, siku hiyohiyo anarudi shambani, na hapa hakanyagi tena. Tumeelewana?"

Tulielewana. Mzee alikuwa anatazama ukuta na mimi nilikuwa natazama miguu yangu, kwa hiyo tulielewana vizuri kabisa.

Nisiseme uongo, niliingia mle kwa sababu ya unga wa watoto. Lakini haukupita mwezi nikawa naamka asubuhi nikiwaza bati. Unachukua kitu bapa, baridi, kisicho na haya wala shukrani, unakipiga, na kabla ya saa sita kimekuwa chombo kinachoshika maji. Sikuwahi kufundishwa kitu nilichokipenda vile, na nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitanyang'anywa.

Namna nilivyofundishwa ni kichekesho. Fundi mwingine angenishika kifundo cha mkono aniambie piga hivi. Wangu alikuwa anazungumza na gogo. Lilikuwa gogo la mti mgumu lililochimbwa shimo katikati, ambalo juu yake bati hupigwa likabonyea taratibu mpaka likawa karai. "Mtu akianza kupiga katikati," aliliambia gogo, "karai litatoboka. Mtu huanza ukingoni, akazunguka, akaingia ndani duara kwa duara." Gogo halikujibu. Mimi ndiye niliyeanza katikati, na karai langu la kwanza likatoka kama kofia iliyokaliwa na mama mnene ndani ya basi njia nzima mpaka Mugumu. Mzee alilitazama muda mrefu, kisha akalipa gogo pole.

Nyundo hakunipa mkononi hata siku moja. Aliiweka juu ya kigoda, akasogea hatua mbili, akatazama nje, ndipo mimi nikaichukua. Nikimaliza nairudisha kwenye kigoda, nasogea, naye anaichukua. Hesabu mwenyewe mara ngapi kwa siku. Mahali pa kupiga alinichorea kwa mkaa, nukta nukta, duara ndani ya duara. Mwendo wa kupiga nao alinifundisha kwa kuchukua bati lake, akakaa kunipa kisogo, akawa anapiga, nami namfuata kwa masikio. Nikikosea alikohoa. Bati likikaa vizuri juu ya gogo hutoa sauti nzito. Likiwa halijakaa hulia kama sahani iliyoanguka, na kabla mlio haujaisha kikohozi cha mzee kilikuwa kimeshafika. Wageni walidhani ana kifua. Mama mmoja jirani alimletea hata asali.

Wahenga wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame vipi kama nyuma yake yupo baba mkwe. Msumari ukianguka nilikuwa nachuchumaa ubavu, kitenge nimekibana kwa kiwiko, uso ukutani, na mzee kwa heshima anageukia mlangoni mpaka asikie nimesimama. Nusu ya ufundi wangu nimeupata nikitazama kisogo cha mtu. Jina langu hakuwahi kulitaja, wala mimi lake. Hakuniita mkamwana, hakuniita fundi, hakuniita chochote. Alisema tu "mtu". Lakini nilijua kutia waya kwenye ukingo wa ndoo, nikauzungushia bati mpaka usione waya umeingilia wapi, na siku niliyofanya hivyo mara ya kwanza sikusikia kikohozi. Nililala na furaha siku hiyo.

Mwaka wa pili, mume wangu akapata. Sitasema alipata nini, maana kila akisimulia kinaongezeka ukubwa. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya mtama, sasa nasikia ni kama haragwe. Alishuka Bomani kwenye gari la kukodi akiwa na miwani ya jua, na nyuma ya gari kuna mashine ya kukunja bati aliyoinunua mpakani Sirari kutoka kwa Mkenya.

"Baba, shikamoo," alisema. "Sasa nyundo pumzika. Hii ni teknolojia."

"Marahaba," mzee alijibu, akaizunguka mashine mara mbili kama anayetazama ng'ombe mnadani.

Ilikuwa kitanda cha chuma chenye urefu wa mtu mzima. Juu yake kulikuwa na boriti ya chuma inayoshuka kwa mpini na kulibana bati, na mbele yake ubao wa chuma unaoinuliwa kwa mikono kulikunja. Mume wangu alitufundisha nusu saa, naye alikuwa amefundishwa dakika kumi, kisha akarudi Genkuru kabla dhahabu iliyobaki haijachoka kumsubiri. Hakuona tatizo, na mimi sikumlaumu, maana tatizo lenyewe lilikuwa la watu na si la chuma. Ile mashine inataka watu wawili wanaotazamana. Mmoja anasogeza bati kwa vidole mpaka lifike kwenye mstari, na vidole vyake viko chini ya boriti. Mwingine ameshika mpini, anamtazama mwenzake, akiona vidole vimetoka ndipo anashusha.

Sisi hatutazamani. Tukatafuta njia yetu. Mzee alishika mpini akiwa amegeukia mlangoni, kisogo kwangu. Mimi nilikuwa nalisogeza bati. Anauliza hewa, "Limekaa?" Nikishatoa vidole nalijibu bati, "Limekaa." Boriti inashuka. Niseme ukweli, ilifanya kazi vizuri. Matranka yetu yalikuwa na kona zilizonyooka mpaka wanafunzi walijikata nazo, na watu walikuja hata kutoka Manchira kuagiza mifereji. Nilijifunza kuisikiliza mashine kama nilivyojifunza kulisikiliza gogo. Mashine ina haraka na haina subira na mjinga, lakini ukiijua inakupa mkunjo ambao nyundo ingechukua asubuhi nzima kuutoa. Mzee hakuikoholea hata mara moja, na nadhani aliionea wivu.

Siku yenyewe alikuja mchimbaji mmoja, vumbi la mashimoni mpaka kwenye kope. Alitaka tranka lenye sehemu mbili za kufuli, la kuhifadhia dhahabu yake. Mzee akamuuliza dhahabu ni nyingi kiasi gani, apime ukubwa.

"Bado sijaipata, mzee. Lakini iko karibu."

Alitaka kuondoka nalo siku hiyohiyo, isije ikamkuta hana pa kuiweka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale mlangoni, uso kwa uso na mzee, anatusimamia. Nilikuwa nasogeza bati la kifuniko. Upande wa kushoto ulikuwa umefika, wa kulia ulikuwa umepungua unene wa kucha, na nilikuwa nausukuma kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Limekaa?" mzee aliuliza.

Mchimbaji aliona mzee mwenye mvi anamtazama yeye usoni na kumuuliza yeye. Ni kijana aliyelelewa vizuri, akajibu haraka na kwa heshima zote. "Limekaa, mzee! Limekaa kabisa!"

Mkono wa mzee ulikuwa umezoea kulitii neno hilo, haukungoja kujua limetoka kwa nani. Boriti ikashuka.

Nilipiga kelele, "Tata!" Hilo ni neno la mtoto kumwita baba yake, na sijui lilitoka wapi. Mzee aligeuka. Aliinua mpini, akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanitazama machoni. Ndipo nilipojua macho yake yana rangi ya kahawia iliyofifia pembeni. "Nitazame mimi," alisema. "Usitazame mkono, mwanangu, nitazame mimi." Alivua shati akaufunga mkono, kisha akaushika juu kwa mkono wake kunipunguzia damu, akanitembeza hivyohivyo kifua wazi katikati ya Bomani, tukapita maduka yote na ofisi zote mpaka zahanati. Aliyaua maswali yote ya njiani kwa kutomjibu mtu. Mpaka nashonwa, habari ilikuwa imeshavuka Sirari, na shangazi zetu wa upande wa Kenya walikuwa wameshaanza kusikitika. Kidole cha kati kilibaki kifupi kidogo kuliko Mungu alivyokipima; cha pili kilipoteza ukucha tu.

Maumivu ya kidole niliyaweza. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba mkono ulikuwa umegusa mkono, mchana kweupe, na Bomani nzima ilikuwa shahidi. Nilijiona nimeshika jembe mpaka uzee wangu, nikipita nje ya karakana na kusikia mtu mwingine akipiga bati vibaya.

Kikao kiliitwa Jumamosi nyumbani kwa mzee. Baba mdogo alikuja na wazee wawili wa kumsaidia kukasirika, akaagiza mbuzi wa kusafishia aibu. Mume wangu aliitwa kutoka Genkuru, akafika, akauliza kwanza kama mashine imepinda. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, mkono nimeuinua juu kama nilivyoagizwa.

"Tulisema na tulielewana," baba mdogo alianza. "Mkono wa mkamwana umeguswa. Jumatatu anarudi shambani. Hilo halina mjadala."



"Mkono wa mkamwana sijaugusa," mzee alisema.

"Mura, ndugu yangu! Mji mzima umekuona, kifua wazi!" baba mdogo alimaka.

"Mji umeniona nimeshika mkono wa fundi. Mkamwana wangu yuko huko ndani, kamuulizeni kama nimewahi kumshika. Lakini fundi wangu akiumia kazini nitamshika, hata kesho, na Jumatatu namtaka karakana, maana kuna matranka sita na mimi peke yangu siyawezi."

Mzee mmoja wa wale wa kusaidia kukasirika alisema polepole kwamba kweli, fundi ni fundi. Baba mdogo alifikiri sana.

"Na mbuzi?" aliuliza.

"Mbuzi mle."

Walimla. Mimi nilibaki nyuma ya mlango na kidole kinapwita, machozi yananitoka, na nilikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi yangu sikuipata. Miaka miwili nilikuwa nalingojea neno hilo, fundi, na mzee alikuwa amewaambia watu wengine.